Maiti wa Kiti cha Dirishani

Ndege ilipotua, abiria wote walisimama isipokuwa mmoja. Ndivyo tulivyo watu: magurudumu hayajaacha kuviringika, tayari tumekamata mabegi, tumeinamisha shingo chini ya makabati, tunasukumana ili tukasimame njiani. Lakini mtu wa kiti cha dirishani hakusimama. Blanketi lilikuwa limemteleza mpaka kidevuni, mkanda ulikuwa umefungwa kama kanuni inavyotaka, na kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta wa ndege kama cha mtoto aliyebembelezwa akalala. Mdogo wake, aliyekaa naye ubavu kwa ubavu, alimtikisa, akamtikisa tena, kisha akapiga ukelele uliowarudisha vitini hata wale wenye haraka. Bega alilolishika lilikuwa gumu kama pembe ya meza.

Hiyo ilikuwa jana mchana. Leo asubuhi, katika kituo cha polisi cha uwanja wa ndege, msichana aliyevaa sare ya wahudumu wa ndege alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, bila viatu, bila mkanda, bila kitambaa chake cha shingoni. Alasiri angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua.

"Hili limekwisha, Bi Kumbe," alisema mkuu wa kituo. "Usiliamshe."

Mpelelezi aliyeambiwa hivyo alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi shingoni. Jina lake la kwenye kitambulisho lilikuwa limekwisha kazi zamani. Kila alipokamata kitu ambacho wenzake wamekiruka, alisema neno moja tu, tena kwa sauti ya chini: kumbe. Wezi wa mji ule walisema afadhali mbwa akubwekee mara mia kuliko mama yule akuambie kumbe.

"Binti amekiri mwenyewe kwamba alimpa kidonge," mkuu aliendelea. "Ndugu wa marehemu anasema alikimeza, akalala, hakuamka. Unataka nini zaidi? Marehemu aje atie sahihi?"

"Daktari wa maiti anasemaje?"

"Anasema mtu alikufa saa kadhaa kabla ya kutua. Sumu gani, hajui. Majibu ya damu yatachukua siku. Alama za sindano zipo, lakini marehemu alikuwa mgonjwa wa sukari, alidungwa kila siku ya Mungu. Ngozi yake chujio tupu. Nje pale familia inalia, wakubwa wananipigia simu, na mimi nina kidonge na aliyekileta."

Nyuma ya kichwa chake ilining'inia ramani ya dunia. Mkuu alikuwa amechora juu yake, kwa rula na kalamu nyekundu, mstari ulionyooka kutoka uwanja ule wa mbali mpaka huu wa kwao. Mstari ulipita juu ya bahari kubwa, ukakata nchi za joto, ukafika nyumbani. Alikuwa akiuonea fahari kama mtu aliyejenga barabara.

"Kilomita zaidi ya elfu kumi na nne," alisema, akigonga ramani kwa kucha. "Waliondoka kule asubuhi, wakafika hapa mchana wa siku ya pili. Usiku mmoja angani. Na usiku huo, mahali fulani hapa juu ya maji, binti yule akamnywesha mtu kifo."

"Nipe mpaka alasiri."

"Nikupe nini? Saa inajipa yenyewe."

*

Msichana wa benchi hakuinua uso mpaka Bi Kumbe alipoketi kando yake, benchi likalia kwa uzito wa watu wawili.

"Mwanangu, jana ulisema ulimkabidhi kidonge mkononi."

"Ndiyo, afande."

"Leo nataka ukweli. Ule wa jana ulikuwa na harufu."

Msichana akakunja vidole vya miguu juu ya sakafu baridi. "Kanuni inasema mgonjwa apewe dawa mwenyewe, aimeze ukimwona. Ukikiuka, unafukuzwa. Nina mwaka mmoja tu kazini, afande. Mama yangu bado anatembea na picha yangu ya sare kwenye mkoba."

"Kwa hiyo ukaogopa kufukuzwa."

"Niliogopa."

"Umeruka majivu, ukakanyaga moto. Haya, sema."

"Tulikuwa tumekwisha kuzima taa, watu wamelala. Kengele ya safu yao ikawaka. Mdogo mtu akaniambia kaka yake anaumwa kichwa. Nikaleta kidonge na maji. Yule kaka alikuwa amejifunika gubigubi, kichwa na vyote, ameegemea dirisha. Nikasema, 'Bwana, dawa yako hii.' Kimya. Mdogo mtu akasema, 'Amesinzia, nipe, nitampa mimi.' Nikampa. Nikaondoka."

"Hukumwona uso?"

"Sikumwona."

"Ulimsikia hata neno?"

Msichana alianza kujisugua mikono kama mtu aliyepigwa na upepo, na mle ndani upepo haukuwamo. "Hilo ndilo lililoninyima usingizi jana, afande, si mbu wa humu. Nilipita pale mara nyingi kabla na baada. Mdogo mtu alikuwa akiongea. Anaongea, ananyamaza kidogo kama anayesubiri jibu, kisha anacheka, anasema, 'Kweli kabisa, kaka.' Anaendelea tena. Lakini jibu... mimi jibu sikulisikia hata mara moja. Nikajiambia ni injini zinaunguruma. Nikapita tena. Anasubiri. Anacheka."

Bi Kumbe alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Katika faili kulikuwa na maelezo ya mwalimu mstaafu aliyekaa ng'ambo ya njia, naye alieleza kwa moyo mweupe kwamba ndugu wale wawili waliongea na kucheka kwa muda mrefu, tena kwa upendo wa kupigiwa mfano. Mwalimu hakudanganya. Alisema alichosikia.

"Nitafungwa, afande?"

"Ukiendelea kusema kweli, tutaona. Ukirudia ule wa jana, nitakufunga mimi mwenyewe."

*

Mdogo wa marehemu alikuwa amepewa chumba cha wageni, chenye zulia na kiyoyozi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mpole, msafi, mwenye sauti ya kushawishi. Yeye na kaka yake walikuwa na kiwanda cha magodoro, na walikuwa wamekwenda ng'ambo kuangalia mashine mpya. Alisimama Bi Kumbe alipoingia, akamvutia kiti, akajifuta macho.

"Pole kwa msiba, bwana."

"Tumeshapoa, afande. Kazi ya Mungu."

"Mungu tumwache kidogo. Nieleze mazungumzo yenu ya mwisho. Polepole, nami nirekodi, maana mimi ni mzito."

Mtu yule hakuwa mzito hata kidogo. Alikaa sawasawa, akaangalia dari, maneno yakaanza kutiririka.

"Ilikuwa usiku wa manane. Mimi nilikuwa nimepitiwa na usingizi. Nikaamka, nikamkuta kaka mkubwa amefungua kifuniko cha dirisha, anatazama nje. Giza totoro, afande. Na nyota! Nyota kama mtu amemwaga mchele juu ya kaniki. Akaniambia, 'Mdogo wangu, unakumbuka tulivyokuwa tukilala juu ya bati la baba, tukizihesabu mpaka mama anatutishia fimbo?' Tukacheka. Tukacheka sana."

"Alikuwa na hali gani?"

"Mzima kama jiwe. Tukaongea mpaka habari za kiwanda."

"Habari gani?"

Akasita kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. "Kwamba akirudi atamkabidhi binti yake funguo. Ndiyo kwanza amemaliza chuo, ana akili. Nikampongeza."

"Wewe umekaa hapo kiwandani miaka mingapi?"

"Tangu tukishona kwa mikono."

"Na ukampongeza."

"Damu ni damu, afande."

"Endelea na dirisha."

"Basi, akafunga kifuniko, akasema kichwa kinamgonga. Nikabonyeza kengele, akaja yule binti. Kaka akanyoosha mkono mwenyewe, akapokea, akameza, akanywa maji. Akaniambia, 'Ngoja nilale kidogo.'" Akajifuta macho tena. "Kidogo chenyewe ndicho hiki."

Bi Kumbe alitikisa kichwa kwa huzuni. "Na mwezi ulikuwapo?"

"Kipande. Kama ukucha."

"Una macho mazuri, bwana."

Alipotoka alijua mambo mawili: kwamba mtu yule alikuwa na sababu ya kuua, na kwamba sababu peke yake haimfungi mtu. Hadithi ya nyota ndiyo iliyokuwa ikimkaba yule msichana shingo. Ikiwa marehemu aliangalia nyota na kucheka, basi mpaka kidonge kinafika alikuwa mzima, na aliyeleta kidonge ndiye wa kujibu. Neno la mfanyabiashara anayeheshimika, lenye mwalimu wa kulishuhudia, dhidi ya neno la binti aliyekwisha kusema uongo mara moja. Hakimu gani angehangaika?

*

Ndege yenyewe ilikuwa imevutwa mpaka karakana, kwenye banda refu la mabati ambamo sauti ya kikohozi huenda ikarudi ikiwa ya mtu mwingine. Bi Kumbe alipanda ngazi peke yake. Ndani, mlinzi alikuwa ameacha kila kitu kama kilivyokutwa: vifuniko vya madirisha vimeshushwa, taa chache tu za sakafuni zinawaka, mablanketi yamezagaa. Safu za viti zilikuwa zimesimama gizani, kila kiti na kitambaa chake cheupe kichwani, kama watu walioketi kumsubiri aliyechelewa.

Alitembea katikati yao mpaka kwenye safu ile. Akaketi kiti cha mdogo mtu. Cha dirishani kilikuwa bado kimebonyea mahali mwili ulipokaa.

Alitaka kujua msichana alisikia nini na mwalimu alisikia nini. Kwa hiyo akaanza kuongea na kiti kitupu, kwa sauti ya chini, kama mtu na ndugu yake. Alikieleza habari za foleni ya asubuhi. Akanyamaza, akasubiri. Akacheka. "Kweli kabisa, kaka," akasema.

Kile kiti kikalia. Kwii, kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini.

"Unaongea na nani, afande?"

Bi Kumbe aliruka mpaka miwani ikamtoka. Nyuma yake, katika njia, alisimama mwanamume mrefu katika shati jeupe lenye mistari mabegani, macho mekundu kama pilipili.

"Na wewe nani unayetembea bila miguu?" alifoka.

"Rubani. Mimi ndiye niliyewaleta. Samahani, mama, sikujua kama upo katika mkutano." Akacheka peke yake, kisha akaona si mahali pa kucheka. "Nimefuata miwani yangu ya jua, niliisahau kule mbele. Angalia macho haya. Na nilikuwa nimeivaa! Bila ile leo ningeongozwa kwa fimbo. Safari ile jua halina adabu, linakukalia usoni toka unaruka mpaka unatua."

Bi Kumbe aliokota miwani yake sakafuni. Hakuivaa.

"Sema tena."

"Nini?"

"Toka mnaruka mpaka mnatua. Na usiku je?"

"Usiku upi?" aliuliza rubani.

Bati la banda lilikuwa likialika kwa joto la nje.

"Bwana rubani," alisema Bi Kumbe, "keti. Mliondoka asubuhi, mkafika mchana wa kesho yake. Baina ya leo na kesho pana usiku. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Mtoto wa chekechea hajavuka kule juu."

"Kule juu wapi? Mkuu wangu amechora mstari. Mnavuka bahari, mnaingia nchi za joto, mnafika."

"Kwa rula?"

"Kwa rula."

"Kwenye ramani ya ukutani?" Rubani alishika kiuno. "Mwambie mkuu wako dunia si ukuta. Tukipita njia yake mafuta yatatuishia, tutamalizia safari kwa kuogelea."

Akaenda jikoni mwa ndege, akarudi na chungwa lililobaki katika sinia ya chakula, na waya mmoja wa vile visikilizio wanavyopewa abiria. Kwa kalamu akatia nukta mbili juu ya chungwa, moja upande huu, moja upande ule. Akauvuta waya kutoka nukta hadi nukta, akaukaza mpaka ukajitafutia mahali pake wenyewe. Haukulala kiunoni mwa chungwa. Ulipanda, ukapita karibu na kikonyo, ukateremka upande wa pili.

"Hiyo ndiyo njia fupi. Tunapanda mpaka karibu na utosi wa dunia, barafu tupu chini, halafu tunashuka kuja kwetu. Na kule utosini, miezi kama hii, jua halizami. Linazunguka ukingoni mwa mbingu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mpaka tunashuka upande huu, huku kumeshakucha. Tarehe inabadilika, ndiyo. Giza halipo. Saa kumi na sita, afande, hatukuona nyota hata ya kusingizia."

"Lakini humu ndani palikuwa giza. Binti amesema. Mwalimu amesema."

"Giza hilo tunalitengeneza sisi. Baada ya chakula cha mchana tunashusha vifuniko vyote, tunazima taa, watu wanalala. Wakijua ni mchana hawalali, wanatembea, wanadai chai. Vifuniko hivi vipya, vinabana kama kizibo. Hapiti hata uzi wa mwanga."

"Na mtu akifungua kimoja?"

Badala ya kujibu, rubani alikwenda mlango wa nyuma, akausukuma kidogo. Mwanga wa nje ukaingia kama panga, ukapasua ndege nzima mpaka mbele. Bi Kumbe alijikuta ameziba macho kwa mkono.

"Zidisha mara kumi," alisema rubani, "maana chini kuna barafu inayorudisha jua. Safu zote zingeamka kwa matusi."

Bi Kumbe alikuwa amezaliwa na kukulia mahali ambapo jua halina ujanja. Linachomoza saa kumi na mbili, linazama saa kumi na mbili, na saa zenyewe mtu huanza kuzihesabu linapochomoza. Mkuu wa kituo, mdogo wa marehemu, na yeye mwenyewe Bi Kumbe na sifa zake zote, walikuwa wametumbukia katika shimo moja: waliona siku mbili kwenye tiketi, wakapachika usiku katikati. Tofauti ni kwamba wawili walipachika usiku tu. Mmoja alipachika na nyota, na mwezi kama ukucha, na marehemu akizitazama.

Akavaa miwani.

"Kumbe," alisema.

*

Walimleta mdogo mtu ofisini kwa mkuu. Alikataa chai, akakubali maji. Bi Kumbe akamwomba arudie hadithi ya dirisha, kwa faida ya mkuu ambaye hakuwahi kuisikia kwa mdomo wake. Akairudia. Safari hii nyota zilikuwa nyingi zaidi, na kaka alikuwa amenyoosha kidole kuonyesha moja iliyokuwa ikiitwa nyota ya baba.

Mkuu alishusha pumzi. "Hadithi nzito," alisema.

"Nzito kweli," alisema Bi Kumbe. "Bwana, ndege ile haikupita kwenye usiku."

"Sijaelewa."

"Hata mkuu hajaelewa, angalia uso wake. Ilipita kaskazini kabisa, kwenye jua lisilozama. Rubani ameandika, msaidizi wake ameandika. Nje ya dirisha la kaka yako palikuwa mchana wa kupofua toka mwanzo mpaka mwisho. Giza lilikuwa la ndani, la kuzima taa. Wewe ulikaa katika giza hilo, ukadhani na nje ni hivyo hivyo, ukaenda ukalipamba."

Mtu yule alitazama ramani ya ukutani, na mstari mwekundu wa mkuu. Alionekana kama anaomba msaada kwake.

"Labda niliota," alisema.

"Labda. Basi kaka yako alicheka katika ndoto yako. Alinyoosha mkono katika ndoto yako. Kidonge alikimeza katika ndoto yako. Katika ile safari yenyewe alifanya nini? Mwalimu alikusikia ukiongea. Binti alikusikia ukisubiri majibu. Ulikuwa ukiongea na nani, bwana?"

Mtu yule aliisukuma glasi ya maji mpaka katikati ya meza. Mkuu wa kituo alijisogeza mbele, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuangalia simu yake.

"Alikuwa akiniamini kwa sindano," alisema mtu yule. Sauti ya kushawishi ilikuwa imekwenda, ikabaki nyingine, kavu. "Hakupenda kujidunga. Miaka yote ni mimi. Kabla ya chakula cha mchana alinyoosha mkono kama kawaida, huku anatazama sinema. Nikamdunga mara tatu ya kiasi chake. Akasema, 'Leo umekawia.' Basi. Sinia ilipokuja nikamwambia binti asimwamshe, nitamtunzia. Nikala changu, nikala na chake."

"Halafu?"

"Alitokwa na jasho. Akatulia. Nikamfunika. Walipozima taa nikaanza kumwongelesha, ili watu wasikie. Nilikuwa nimepanga kumwongelesha kidogo tu. Lakini kila nikinyamaza, naona kama anangoja niendelee."

Mkuu alikohoa, akaangalia mlango kama umefungwa vizuri.

"Na dirisha?" aliuliza Bi Kumbe. "Umekaa nalo saa zote hizo. Kwa nini hukulifungua hata mara moja, ukaona unachotaka kukisingizia?"

"Nilitaka." Alilamba midomo. "Binti alikuwa ndiyo kwanza ameondoka, glasi yake ya maji ninayo bado mkononi. Nikasema nifungue kidogo, nipate pa kuangalia, nisimwangalie yeye. Nikanyoosha mkono. Inabidi upitishe mbele ya uso wake. Nilipofika hapo..." Alijigusa mdomo wake mwenyewe kwa vidole viwili. "Blanketi likasogea. Hapa. Likaingia, likatoka. Akasema, 'Bado.'"

"Akasema nini?"

"'Bado.' Neno moja hilo. Kwa sauti yake. Maiti ilisema nami, afande. Nikarudisha mkono, nikaukalia mpaka tunatua. Sijui alikuwa na maana gani. Bado nini? Tangu jana najiuliza, bado nini?"

Mkuu wa kituo alijisomea dua chini chini. Bi Kumbe hakusoma. Alikuwa amemtolea mtu yule macho, na sura yake ilikuwa imebadilika. Hasira zilizokuwa zimemsimamisha siku nzima zilikuwa zimetoka, pakaingia kitu kibaya zaidi.

"Bwana," alisema, "mama yangu mzazi alikuwa na ugonjwa huo. Dawa ile ikizidi haiui papo hapo. Mtu anazama polepole, kama anayeshuka kisimani kwa kamba, saa nyingi. Anakuwa baridi, analowa, hajitambui. Na muda wote huo kijiko kimoja cha sukari kinaweza kumvuta juu."

"Alikuwa amekufa."

"Maiti hazisemi."

"Alikuwa baridi, nilimgusa! Alikuwa—"

"Alikuwa hai. Ulimwua mchana kwa sindano, akagoma kufa, akakaa kando yako akipumua ndani ya blanketi, na wewe unamchekea. Juisi ya sinia yake uliiweka wapi?"

Mtu yule alitazama mikono yake.

"Niliinywa," alisema. Kisha akaanza kupiga kelele, si ile ya jana ya ndani ya ndege, nyingine, na askari wawili walipokuja kumchukua hakuwapinga, ila alikuwa akiwaomba wasimpeleke mahali penye giza.

*

Mkuu alitia sahihi karatasi bila kuisoma. "Nenda kamfungulie wewe," alisema. "Mimi siwezi kumwangalia."

Msichana alisimama alipoona viatu vyake vikiletwa. Bi Kumbe alimkabidhi kitambaa cha shingoni, mkanda, simu. Akamwambia kwamba aliyefanya amekiri, kwamba ilikuwa sindano, si kidonge, kwamba hana kesi. Mama yake alikuwa amekwisha kupigiwa simu, yuko njiani.

Msichana alilia kidogo, akacheka kidogo, akaingiza mguu mmoja katika kiatu. Kisha akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila.

"Afande. Alimdunga saa ngapi?"

"Kabla ya chakula cha mchana."

"Na alikufa saa ngapi?"

"Mwanangu, nenda nyumbani."

"Mimi nilikwenda na maji baadaye sana. Nilisimama pale. Mkono wangu ulikuwa hapa na yeye yuko hapa." Alipima hewani, umbali wa shubiri mbili. "Kanuni ilitaka nimfunue. Ningemfunua, ningekuta nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya tangazo, ndege nyingine ya kwenda mbali ikiita abiria wake. Uongo ulikuwa karibu, mwepesi, na ungekaa vizuri mdomoni. Hata mkuu wa kituo angeusema, na asingekuwa mtu mbaya.

"Mtu hai," alisema Bi Kumbe.

Msichana aliitika kwa kichwa, taratibu, kama aliyeambiwa bei ya kitu. Halafu akarudi nyuma, akakaa tena kwenye benchi la mahabusu, pale pale, na hakuna aliyemwambia akae.